Chakula Ambacho Magokoro Hakukila

Mama aliniita sebuleni siku chache baada ya Idi, akafunga mlango, akasema neno moja tu: "Mama yangu asife kabla hajala kwangu." Kisha akafungua mlango, akarudi zake kukunja nguo. Nikabaki nimesimama pale na mkoba begani, sijui kama nimeombwa, nimeamrishwa au nimelaumiwa. Mama yangu ndivyo alivyo. Anakuachia jambo mkononi halafu anakugeuzia mgongo.

Mama yake ni Magokoro. Hivyo ndivyo Wakisii wanavyomwita nyanya, na sisi tuliozaliwa mjini tukalichukua neno hilo tukalifanya jina lake. Anaishi nje kidogo ya mji wa Nyamira, kwenye shamba la chai, kahawa na migomba, karibu na kanisa lake la Sabato. Umri wake hakuna anayeujua barabara. Siku anayotaka kuinuliwa kitini husema ana miaka mia, na siku asiyotaka kushikwashikwa husema hajafika themanini. Mwaka huu aliugua kifua wiki tatu tukadhani ndiyo basi. Akapona, ila hofu ile ilibaki kwa Mama.

Maana Magokoro hajawahi kula nyumbani kwetu. Nina miaka thelathini na minane na sijawahi kumwona akitia hata tonge, hata maji ya kunywa, chini ya paa la binti yake. Kutoka Nyamira hadi Kisii si safari. Ukitia chai kwenye thamosi huko, utaikuta ya moto ukifika. Lakini kwa Magokoro ilikuwa kana kwamba kuna bahari katikati.

Na nyumba yenyewe si nyumba ya kunyima mtu chakula, ndipo ninapochanganyikiwa. Baba yangu ni Mwarabu. Ni Mwarabu wa aina yetu lakini, usije ukafikiria ngamia. Baba yake alitoka Hadhramaut akafikia Mombasa, Baba akazaliwa huko, na alipokuwa kijana akaitwa huku milimani amsaidie ami yake kuuza vitambaa. Kiarabu chake ni cha kuswalia na cha kubishana na redio. Ekegusii, lugha ya kina Mama, anakijua kuliko mimi, kwa ajili ya duka. Kitu kimoja tu ndicho ambacho Uarabu wake haujapungua hata punje, nacho ni chakula. Nyuma ya nyumba amechimba shimo, akatia pipa la chuma ndani, na humo ndimo anamopikia mandi: makaa chini, sufuria ya wali juu yake, mbuzi ananing'inia akidondosha mafuta kwenye wali, kisha shimo linafunikwa na kuzibwa kwa udongo. Majirani wapya wakiona moshi unatoka ardhini huja kuuliza kuna nini. Baba hawajibu. Huwaletea sahani.

Kwetu hakuna anayepita bila kula. Fundi wa mifereji anakula. Wale wahubiri wanaokuja na vitabu kutubadilisha dini wanakaribishwa, wanakalishwa mkekani, wanawekewa wali na mchuzi na uwatu uliopigwa ukafanya povu, na wanapomaliza huwa wameshiba mno wasiweze kuhubiri. Mgeni njoo mwenyeji apone, Baba husema, naye huamini kabisa kwamba anapona. Kwa hiyo katika watu wote wa Kisii na Nyamira aliyekuwa hajala kwetu alikuwa mmoja tu, na ndiye mama mkwe wake.

Nilipokuwa mdogo niliuliza. Mama alisema Magokoro ana shughuli. Shangazi yangu, dada yake Baba, alisema Magokoro ana kiburi. Baba alivaa kofia akaenda dukani, na ilikuwa Jumapili, duka limefungwa. Nikaacha kuuliza. Mtoto aliyezaliwa baina ya watu wawili hujifunza mapema kwamba kuna maswali yanayofukuza watu chumbani. Kwa shangazi zangu mimi ni Mkisii, kwa binamu zangu wa Nyamira mimi ni Mwarabu, na mimi mwenyewe ukiniuliza itategemea nina njaa ya chakula gani.

Sasa nimepewa kazi, na mimi nikipewa kazi siwezi kutulia. Nafanya ukarani katika ofisi moja pale Nyamira, kwa hiyo saa ya chakula cha mchana ninaweza kutembea hadi kwa Magokoro nikarudi kabla mkubwa wangu hajamaliza kuchokoa meno. Nikaanza kuchunguza.

Kwanza nilidhani ni nyama. Labda hataki kula kilichochinjwa na Mwislamu. Basi Ijumaa moja nikachukua chungu cha wali wa Baba usio na nyama kabisa, wali mtupu wa zabibu na iliki, nikampelekea mpaka kwake. Akakipokea kwa mikono miwili. Akafunua, akanusa, akasema Mungu ambariki aliyepika. Kisha akawaita watoto wa jirani akawagawia wote, punje kwa punje, huku mimi nimekaa pale nikitazama jasho la baba yangu likiingia kwenye matumbo ya watoto nisiowajua. Aliosha chungu, akakijaza ndizi mbivu na parachichi, akanirudishia. Hakuonja. Na hakunikosea adabu hata kidogo, hilo ndilo lililoniudhi.

Nikadhani ni kahawa. Kwa Baba mgeni hajapokelewa mpaka amepewa kahawa ya tangawizi kwenye kikombe kisicho na mkono, na watu wa Sabato hawanywi kahawa. Nikamuuliza waziwazi: "Magokoro, ni ile kahawa?" Alicheka mpaka kifua kikamrudia. "Nimechuma kahawa miaka thelathini," akasema. "Nimesomesha mama yako kwa kahawa. Sijawahi kuionja. Mtu akinipa ninasema asante, sinywi, na yanaisha. Kwani kahawa inafukuza mtu?"

Nikadhani ni siku. Sisi karamu zetu ni Ijumaa, na Ijumaa jioni ndipo Sabato yao inapoingia, wana mambo yao ya kupika mapema na kufua na kuoga. Nikamwalika Jumapili. Akasema mguu unamuuma. Mguu huohuo unampandisha mlima wa kanisa kila Jumamosi akiwaacha wajukuu nyuma. Nilirudi ofisini siku hiyo nimenuna, nikagonga mihuri kwenye barua za watu mpaka mwenzangu akaniuliza barua zimenikosea nini.

Aliyenifungua macho ni mama mdogo, ndugu yake Mama wa kumfuata, anayeuza ndizi pale Daraja Mbili. Nilikwenda kununua mkungu, nikamlalamikia tu, sikutegemea kitu. Alikuwa akipanga vichane. Akasimama, akanitazama.

"Wewe na kusoma kote huko," akasema, "hujui baba yako alimlisha?"

"Alimlisha nani?"

"Mama. Mama mkwe wake. Kwa mkono wake."

Akanisimulia akiwa anahudumia wateja, kwa hiyo nikayapata vipande vipande. Wakati huo Mama alikuwa ameolewa miezi michache. Ukoo wa Baba ukaandaa karamu ya kumkaribisha mama wa bibi arusi. Mama mdogo alikuwa msichana wa shule, akaja naye. Wanawake wakakaa chumba chao kuzunguka sinia moja kubwa, nyama imelala juu ya wali. Na Baba akaingia. Kwa dini yetu hakuna kosa hapo, mama mkwe ni kama mama mzazi, mtu anaweza kumshika mkono na kula naye. Tena kwa Waarabu ndiyo heshima ya mwisho: mwenye nyumba anapiga magoti, anachambua pande lililo laini kuliko yote, anamwekea mgeni wake mbele yake kwa mkono wake mwenyewe. Baba akafanya hivyo. Kisha akakunja miguu akakaa kula naye kwenye sinia hilohilo.

Hapo nikaelewa, maana hata sisi wa mjini tunajua habari ya chinsoni, ingawa tunaijua kama mtu anavyojua sheria za mchezo asioucheza. Ni haya ambayo Mkisii lazima amwonee mkwe wake. Mume hamkaribii mama wa mke wake. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Kula pamoja, mkono wake uguse chakula ambacho mama mkwe atatia kinywani, hilo halitajwi. Kwa Baba ilikuwa ni kumvisha taji. Kwa Magokoro ilikuwa ni kuvuliwa nguo mbele ya watu.

"Akafanyaje?" nikauliza.

"Akasimama. Akachukua mfuko wake. Tukaondoka hata mikono haijakauka." Akamfungia mteja ndizi zake, akaendelea. "Zamani kulikuwa na njia. Angechinjwa mbuzi, wazee wangesema maneno yao, yakaisha. Sasa sisi ni watu wa kanisa, mambo ya mbuzi tuliyaacha. Mbuzi tulimwacha, lakini haya hatukuiacha. Sasa utaiondoa na nini?"

Nilibeba mkungu wangu nikaondoka bila kuchukua chenji.

Nilimkuta Baba jikoni anakatakata vitunguu. Anapenda kupika peke yake, amevaa kikoi, kofia nyuma ya kichwa. Nikamwambia nimeyasikia. Kisu hakikusimama.

"Nilikuwa na mwaka mmoja tu huku," akasema. "Nilikuwa najua kusema bei na asante. Mwanangu, mimi mama yangu alikufa nikiwa na miaka minane. Nilipomwona yule mama, nikasema sasa na mimi nimepata. Shingo ya mbuzi ndiyo niliyompa, nyama inayoachia mfupa yenyewe. Nikamwambia, Bismillahi, mama, kula. Akasimama."

"Na kwenu?"

"Kwetu mtu akiondoka kwenye sinia bila kuonja amekutukana wewe na waliokuzaa. Dada zangu walisema maneno mpaka leo hawajayamaliza. Mimi niliwajibu, yule ni mama yangu, mwacheni."

"Mama alikuwa wapi?"

"Jikoni, anachota mchuzi. Aliporudi mama yake keshatoka. Ni yeye aliyenieleza baadaye nilichokifanya. Nilitamani ardhi inimeze." Sasa kisu kikasimama. "La kuvunda halina ubani. Mimi ndiye niliyeivunja nyumba hii na mama yake. Hata kwenye mazishi ya baba mkwe wangu nilikaa mbali kule nyuma na watu wa kukodisha viti."

Macho yalikuwa yanamtoka machozi na mimi sikujua nigawe vipi, ni kiasi gani cha vitunguu na kiasi gani chake. Ila nilijua la kufanya. Kumbe jambo lenyewe ni jepesi, nikajiambia. Kosa ni mkono wa Baba, basi mkono wa Baba usionekane.

Jumatatu mchana nilikwenda kwa Magokoro. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikamwambia: Jumapili, nyumbani kwetu, wanawake watupu. Mkwe wako humwoni wala hakuoni. Atakayekuwekea chakula ni binti yako.

Aliendelea kuchambua. "Nani amekwambia mambo haya?"

"Mama mdogo."

"Mama yako je?"

"Mama hajasema kitu."

Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Nitakuja," akasema. Mimi nilikuwa nimejiandaa na hoja saba, nimezipanga njiani. Nikabaki nazo.

Kazi ilikuwa kumshawishi Baba. Kukubali kukaa jikoni alikubali mara moja, lakini yaliyofuata yakamshinda. Mwenye nyumba asimame langoni, ndivyo alivyofunzwa. Nani atampokea? Mimi. Nani atamnawisha mikono? Mama. Nani atamfukizia udi? Hapana udi, Baba, mgeni ana kifua. Alinitazama kana kwamba nimemwambia ampe mgeni wali mbichi. Kisha akasema atapika asida. Asida ni unga uliosongwa ukakaza, unarundikwa kama kilima, juu kinachimbwa kishimo kinajazwa samli na asali. Nikamwambia, Baba, huyu ni mama wa Kisii, atakuuliza nani ametoboa ugali. "Asida ni ugali uliokwenda Hija," akasema. Akataka unga wa wimbi, wimbi wa Nyamira, si mwingine. Nikamletea.

Jumapili niliazima gari la jirani nikamleta Magokoro. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na viatu vyeusi vya kufunga. Mlangoni alisimama kidogo, akashika mwimo, akaingia. Mama alikuwa amevaa leso mpya. Ni mwanamke ambaye sijawahi kumwona akimwaga hata kijiko cha chumvi. Siku hiyo alimnawisha mama yake maji yakamwagika mkekani.

Tulikuwa watatu tu: Magokoro kwenye kigoda, Mama na mimi mkekani, sinia katikati juu ya meza fupi. Nyuma ya pazia ni ujia, na mwisho wa ujia ni jikoni, na Baba. Mandi ilikuwa inatoa moshi. Asida imesimama pembeni na asali yake. Mama akachambua nyama, akachagua pande la shingo, akaliweka mbele ya mama yake. Nikasema sasa, sasa hivi, miaka arobaini inakwisha mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyeimaliza. Nilijisifu kabisa, sitaficha.

Magokoro hakunyoosha mkono. Alizungumza Ekegusii, polepole, na mimi nilielewa kila neno.

"Kabla sijala niulize. Siku ile mkwe wangu alipopiga magoti, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Mama, chakula kitapoa."

"Kipoe. Ulikuwa wapi?"

Mama alitazama wali. "Mlangoni," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Jikoni, Baba alisema. Anachota mchuzi.

"Mlangoni," Magokoro akasema. "Na birika la maji. Yeye alikuwa amekupa mgongo, mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Nilikuangalia mpaka macho yakauma. Uliona mkono wake unaingia kwenye nyama. Ungemwita jina. Ungesema kuna mtu nje anamtaka. Ungeangusha birika. Neno moja lingetosha. Ukaangalia dirisha."

"Nilikuwa mtoto, Mama."

"Ulikuwa mke wa mtu."

Mama alianza kulia bila sauti. Akasema dada zake Baba walikuwa wote wamekaa pale wakitazama. Kwamba tangu alipoingia nyumba hiyo walikuwa wakisema watu wa milimani wana miiko ya kishenzi, hawali na huyu, hawasalimii yule. Kwamba alitaka waone kuwa mama yake anaweza kukaa mkeka wowote na kula na yeyote. "Nilikuonea haya," akasema. "Nilikuonea haya, wewe na mambo yetu yote. Nikasema labda utavumilia mara moja tu kwa ajili yangu."

Nilimtazama mama yangu kana kwamba nimekaribishwa kwa mtu nisiyemfahamu.

"Yule kijana hana kosa," Magokoro akasema. "Mgeni hajui. Sikumkasirikia hata siku moja. Ninawauliza watu habari zake, ninamwombea duka lake. Nilikuwa nakungoja wewe. Umekuja kwangu miaka yote hii na sukari, na leso, na watoto. Neno hili hukuja nalo."

"Nisamehe, Mama."

"Basi," akasema Magokoro. "Sasa nitakula."

Na akala. Alikula lile pande la shingo akaufyonza mfupa. Akala wali. Akafika kwenye asida, akaitazama kwa makini, akamega, akachovya kwenye samli na asali, akatafuna, akasema ugali huu umeharibiwa vizuri sana. Akamega tena. Mama alikuwa ameketi na mkono mtupu, uso umelowa, akimtazama mama yake anavyokula, jambo alilolingoja tangu kabla sijazaliwa, na sikuweza kujua kama nimkumbatie au nimtikise mabega.

Nilichukua bakuli nikaenda kuongeza mchuzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbilia kwa Baba. Mpumbavu mimi, nilikuwa na furaha. Nilimkuta amesimama ujiani, karibu na pazia, na upawa mkononi. Nilikuwa nimesahau kwamba Ekegusii chake ni kizuri kuliko changu.

"Baba, amekula," nikamnong'oneza. "Na umesikia? Si wewe. Hakuwahi kukukasirikia. Hukuwa wewe."

Alirudi jikoni, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akauweka upawa mapajani.

"Kila Idi," akasema, "kabla sijaenda kuswali, humshika mama yako mkono. Ninamwomba radhi kwa kumfukuza mama yake. Kila Idi, mwanangu, tangu tuoane. Mwaka huu pia."

"Naye husemaje?"

"Husema, nimekusamehe."

Alijifuta mikono kwa kikoi, akaufunika mchuzi ili usipoe, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Magokoro amekuja mara tatu tangu siku hiyo. Huagiza asida mapema kwa simu ya mama mdogo, na husema wimbi wa kwake ndio unaoipa ladha, asali ni kelele tu. Mama anamnawisha mikono na halimwagiki hata tone. Ukiwaona utasema hawajawahi kuwa na neno.

Baba hajagombana na mtu. Anapika kama zamani, anasalimia, anamuuliza Mama kama dawa yake ya shinikizo la damu imekwisha, anamnunulia nyingine. Ila hakai tena kwenye sinia. Mwanzo alisema magoti, hawezi kukunja miguu. Nikaleta meza. Akasema jikoni kuna hewa. Sasa hasemi kitu, anakula hukohuko, peke yake, yeye ambaye alikuwa akiwaita wapita njia. Nilimkabili Mama nikamwambia akamwombe radhi, tena kwa ukali, kwa maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mama yake. Akanitazama kwa uchovu.

"Nilimwomba jioni ileile mama alipokula," akasema. "Akaniambia, nimekusamehe."

Sijui niliponya nini na nilivunja nini. Kuna siku namkasirikia Mama, kuna siku namkasirikia Magokoro kwa kuuliza na pazia ni jepesi hivyo, na siku nyingi najikasirikia mimi na hoja zangu saba. Ijumaa nikienda kwa wazazi wangu ninapakua sahani mbili. Moja ni ya jikoni na moja ni ya sebuleni. Nasimama ujiani nimezishika zote mbili, chakula kinapoa, na sijui nianze na ipi.